Sentensi Mbili Nilizoziongeza Kitabuni

Nauza madaftari, kalamu na vitabu vya shule pale Tunduma, karibu na malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Wateja wangu ni wazazi wa hapa hapa na akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanaoniita Bamayo, yaani mama. Kitabu kisichotoka kwenye mtihani hakinunuliwi dukani kwangu, nalijua hilo miaka mingi. Kwa hiyo nilipokiona kile kitabu cha majengo ya Dar es Salaam sikufikiria biashara hata kidogo. Nilimfikiria baba.

Nilikuwa nimeshuka Dar kufuata mzigo wa kufungulia shule. Nyuma ya Posta palikuwa na mzee aliyetandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai, na mimi siwezi kupita mahali pa vitabu bila kuinama. Kilikuwa kitabu chembamba, karatasi zake za kung'aa, kimeandikwa kwa Kiingereza. Maneno ya mwanzo yalieleza kwamba ni kitabu cha mtu anayeanza, mtu asiyejua lolote kuhusu usanifu wa majengo, lakini angependa kutembea katikati ya jiji na kuelewa anachokitazama. Kila jengo lilikuwa na kurasa mbili, picha upande wa kushoto na maelezo kulia. Nilipita makanisa, nikapita soko na nyumba za wakati wa Wajerumani, nikafika kwenye maghorofa yaliyojengwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Nikaliona jengo la baba.

Tulikuwa tukiliita hivyo nyumbani, jengo la baba, ingawa hakuwahi kumiliki hata tofali lake moja. Alikuwa kibarua. Alitoka Mbozi akiwa kijana, hajaoa bado, akapanda lori pamoja na mwenzake mmoja kutoka milima ya Ileje ambaye alikutana naye siku hiyo hiyo barabarani. Walipofika Dar wakapata kazi moja, wakalala chumba kimoja, wakala sahani moja. Kazi ilikuwa kubeba zege kwenye karai kichwani, kupanda nalo kwenye mbao zilizolazwa kwa mshazari, ghorofa baada ya ghorofa. Walipofika ghorofa ya saba, asubuhi moja mvua ikiwa imenyesha, yule mwenzake aliteleza. Baba alikuwa hatua tatu nyuma yake. Alikuwa akituambia kwamba karai ndilo lililotangulia kufika chini, na kwamba hadi leo hajui kwa nini alilitazama karai.

Msimamizi aliandika kitu kwenye daftari, wakamzika siku iliyofuata kwenye makaburi ya mjini, na kazi ikaendelea. Hakuna aliyewapa cheti cha kifo. Baba alirudi nyumbani baada ya miezi mingi, akapanda milima hadi Ileje kupeleka habari kwa watu wa marehemu. Huko alikuta wameshasikia habari nyingine. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amewaambia kwamba kijana wao ameonekana Zambia, kwenye miji ya migodi, na ana mke. Mama wa marehemu alimwuliza baba, "Cheti kiko wapi? Nguo zake ziko wapi?" Nguo walizigawana wenzao wa chumbani kabla baba hajajua. Hakuwa na kitu mkononi. Yule mama alimwambia kwamba marafiki wazuri hufichiana siri, akamkaribisha chakula, na hakumwamini. Alikufa akimngoja mwanawe atokee upande wa mpaka.

Baba hakuacha kwenda. Karibu kila mwaka, baada ya kuvuna kahawa, alikwenda Ileje kumsalimu mdogo wa marehemu, mwanamke ambaye sasa naye ni bibi. Walizoeana kama ndugu. Lakini hata yeye, alipokuwa na uchungu, alikuwa akisema, "Kaka, niambie tu ukweli. Bado yuko hai?" Nimewahi kumsikia kwa masikio yangu. Baba alijibu, "Dada, amekufa," na wote wawili wakaendelea kupukuchua mahindi.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne alinipeleka Dar, akanisimamisha ng'ambo ya barabara, akanionyesha. Uso wa mbele wa jengo ulikuwa umejaa vipande vya zege vilivyosimama wima, vimepangwa kukinga jua, na chini kulikuwa na nguzo za mviringo. Alihesabu madirisha kutoka chini kwenda juu, akanyamaza alipofika la saba. Ndiyo maana nililitambua kwenye kile kitabu.

Nilikisoma kitabu kwenye basi, njia nzima. Ukurasa wa jengo lile ulimtaja msanifu aliyelichora na nchi aliyotoka. Ulieleza namna vile vipande vya zege vinavyozuia jua la mchana na kuruhusu upepo wa bahari. Ulisifu ngazi. Ulisema kwamba anayeanza kujifunza asimame upande wa magharibi saa kumi jioni ili aone vivuli. Nilirudia mara tatu, nikitafuta angalau neno vibarua. Halikuwepo.

Baba alikuwa ameshapofuka wakati huo. Ilikuwa presha ya macho. Alichelewa kwenda hospitali, na daktari alituambia kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Anaishi Nanyala, juu kidogo ya barabara kuu, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, na dada yangu mkubwa ndiye anayemtunza. Nilimpelekea kitabu Jumapili, baada ya ibada. Tulikaa mlangoni, nikampa akishike. Akakipapasa kote, akakinusa.

"Ni kizito kwa wembamba wake," alisema. "Jengo letu limo kweli?"

"Limo, baba. Kurasa mbili nzima."

"Soma."

Nikaanza kutafsiri. Nilimsomea habari za msanifu, akaitikia kwa kichwa. "Huyo alikuja mara mbili," alisema. "Alivaa kofia nyeupe." Nilimsomea habari za vivuli na upepo wa bahari, akacheka kidogo. Halafu nikafika mwisho. Aliinamisha sikio upande wangu, amekishika kiti kwa mikono miwili, akingoja. Nikatambua kwamba alikuwa amevumilia zile habari za ngazi ili afike mahali pa kusikia jambo moja tu.

"Ni hayo?" aliuliza.

Nilisema, "Bado kidogo." Kisha nikasoma kitu ambacho hakikuwepo. Nilisema, "Jengo hili lilijengwa kwa mikono ya vijana waliotoka mikoa ya mbali, wakiwemo wa Mbozi na Ileje. Kijana mmoja wa Ileje alianguka kutoka ghorofa ya saba, akafariki, akazikwa jijini."

Sikuwa nimepanga. Nilidhani natia sukari kwenye chai ya mzee. Baba aliachia kiti, akajifunika uso, akalia kwa sauti hadi dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alipotulia alisema, "Wamemwandika." Akaniomba nisome tena. Nikasoma tena, na safari hii ilinibidi nikumbuke vizuri nilivyosema mara ya kwanza.

Kwa wiki mbili alikuwa mtu mwingine. Dada yangu alinipigia simu akisema baba anakula, baba anaimba, baba ameomba mkongojo wake upakwe rangi. Nilifurahi. Nilikuwa dukani nikipanga madaftari na kujisifu moyoni. Kisha akanipigia baba mwenyewe, kwa simu ya dada.

"Mwanangu, nataka unipeleke Ileje," alisema. "Na kitabu. Miaka yote hii nilikuwa naenda mikono mitupu."

Nilisema barabara ina matope. Nilisema afya yake si ya safari. Nilisema nitampeleka baada ya mavuno. Kila nililosema alilijibu, kwa sababu alikuwa ameshalifikiria. Mwisho alisema, "Yule dada ni mgonjwa. Akifa kabla sijamwonyesha, nitamwambia nini mama yake huko?" Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikiwa mbali naye kilomita nyingi, hata bila kuuona uso wake. Nikamwambia, "Sawa, baba, Jumamosi."

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nikitegemea nini. Nadhani nilitegemea kwamba nitasoma mimi. Kule hakuna anayejua Kiingereza, nilijiambia. Nitasoma yale yale, bibi atalia, baba atalia, tutarudi nyumbani.

Tulikwenda Jumamosi hiyo kwa gari la kukodi hadi Isongole, na kutoka hapo tukapanda pikipiki moja, mshikaki, baba katikati yangu na dereva, kitabu amekitia ndani ya koti. Tulipofika walikuwa wametuandalia. Walichinja kuku, wakapika ndizi. Ndugu walikuwa wamekuja kutoka nyumba za jirani, labda watu kumi na watano, kwa sababu baba alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba analeta uthibitisho. Aliwaambia neno hilo hilo, uthibitisho. Bibi mwenyewe alikuwa amelazwa kwenye mkeka karibu na ukuta, amefunikwa blanketi, macho yake yakiwa bado makali.

"Kaka, umekuja na nini?" aliuliza.

Baba alikitoa kitabu kwenye koti. "Nimekuja na kaka yako," alisema. "Wasomi wa mjini wamemwandika kwenye kitabu. Mwanangu, soma."

Nilifungua ukurasa. Lakini bibi aliinua mkono.

"Huyu ni wa kwako," alisema. "Asome wa kwangu."

Mjukuu wake alikuwa amekaa nyuma yake, binti wa kama miaka ishirini na mitano, ambaye nilikuwa nimemwamkia bila kumwuliza kazi yake. Alikuwa mwalimu wa sekondari. Alifundisha Kiingereza.

Nilisema, "Nitasoma tu mimi, maneno yake ni magumu." Binti akatabasamu, akasema, "Nitajaribu, shangazi," akakichukua mikononi mwangu. Alisoma kimya kwanza, kidole kikifuata mistari. Alifika chini. Akarudi juu. Kisha akaninyanyulia macho. Nilimtazama, nikamwomba kwa macho, na najua alinielewa. Kwa muda kidogo niliona anafikiria. Sijui ningetaka afanye nini. Kama angesema uongo wangu, angemdanganya bibi yake anayekaribia kufa, mbele ya ukoo mzima.

"Bibi," alisema polepole, "hapa wameandika habari za jengo. Za ngazi, na za jua."

"Na kaka yangu?"

"Sijaona, bibi."

Baba alicheka, kwa upole, kama anavyochekewa mtoto aliyeruka mstari. "Soma mwisho wake, mjukuu wangu. Maneno ya mwishoni kabisa."

"Mwishoni wanasema usimame magharibi saa kumi jioni, babu."

"Basi chini ya picha. Soma chini ya picha."

"Chini ya picha kuna jina la mtu," alisema binti, na kila mtu akanyanyuka kidogo. "La aliyepiga picha, babu."

Baba aligeuza uso taratibu kunielekea, akikosea kidogo, akautazama ukuta ulio pembeni yangu.

"Mwanangu?"

Sikujibu. Hilo ndilo jibu nililompa, mbele ya wote.

Bibi hakupandisha sauti. Alisema, "Kaka, miaka hamsini nimekuwa nikisema, huyu mtu hana sababu ya kunidanganya. Nilikuwa nikiwaambia hivyo hawa." Alinyoosha mkono kuwaonyesha waliokaa. "Sasa unakuja kwangu na karatasi ya uongo. Ndugu yangu amefanya nini huko Zambia mpaka mnamficha hivi?"

Nilipiga magoti pale pale, nikasema ni mimi, baba hakujua, ni mimi niliyeongeza maneno. Bibi alinisikiliza hadi mwisho. "Na wewe ulisikia kwa nani kwamba alianguka?" aliuliza.

"Kwa baba."

"Eeh," alisema, akageukia ukuta.

Chakula kilikuja, kwa sababu kilikuwa kimeshapikwa. Tulikula kidogo. Yule binti alitusindikiza hadi kwenye pikipiki, akamshika baba mkono, akamwomba radhi. Baba alimwambia, "Umesoma kilichopo. Hiyo ndiyo kazi yako." Aliyasema akiwa amenipa mgongo.

Tulipofika Nanyala alikaa kitandani na koti lake, nami nikasimama mlangoni.

"Zile sentensi ulizitoa wapi?" aliuliza.

"Kwako, baba. Ulitusimulia tangu tukiwa wadogo."

"Basi ulikuwa ukinisomea maneno yangu mwenyewe," alisema. "Na mimi nikalia."

Nilitaka anigombeze. Mama yangu angenitukana hadi majirani wakusanyike, na kesho yake tungekunywa chai. Baba hakuwahi kulitaja tena, ila aliacha mambo mengine yote pamoja na lile. Aliacha kusimulia. Wajukuu walipomwomba habari za Dar alisema amesahau. Hakusahau, namjua. Dada yangu alipotaka kumsomea Biblia, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi, alimwambia aiache tu mezani. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko mengine. Nilikuwa nimemfungia hata sauti za wengine.

Nikajaribu kurekebisha. Nyuma ya kitabu palikuwa na anwani ya barua pepe ya wachapishaji wake. Niliandika barua ndefu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza changu cha dukani, nikaeleza kila kitu: lori, karai, mvua, ghorofa ya saba. Niliomba sentensi moja tu katika toleo lingine. Nilidhani sentensi moja si nyingi, mimi mwenyewe nilikuwa nimeziongeza mbili bila shida.

Walijibu baada ya wiki kadhaa, kwa heshima kabisa. Walinipa pole. Walisema kitabu chao ni cha utangulizi tu, kwa wasomaji wanaoanza, na nafasi haiwaruhusu kuingia katika historia ya wafanyakazi. Hata hivyo, kama nina uthibitisho wa maandishi kuhusu tukio hilo, watafurahi kuuona.

Niliisoma barua hiyo kwenye simu nikiwa dukani, mteja amesimama mbele yangu na daftari mkononi, akiniuliza bei mara ya pili. Uthibitisho wa maandishi. Mama wa marehemu, ambaye hakujua kusoma, alikuwa ametaka kitu hicho hicho. Daftari la msimamizi lilikuwa limekwenda wapi? Kampuni yenyewe ilishakufa zamani. Makaburi yale, niliambiwa na mtu aliyekwenda kunitazamia, yamejaa, watu wengine wamezikwa juu ya waliokuwepo, na hakuna kibao cha enzi hizo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Nanyala. Niliwaza njiani kama nimfiche baba barua ile. Mwishowe niliona kwamba nikimficha nitakuwa nimemdanganya mara ya pili. Nikamwambia, "Baba, niliwaandikia. Wamejibu. Nitakusomea yote, sitaongeza wala kupunguza." Hakukataa. Nikasoma, neno kwa neno, pamoja na salamu za mwisho.

"Wamesema cha utangulizi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Kwamba ndiyo kwanza wanaanza."

"Ndiyo."

"Sasa kile kinachofuata huwa wanakiandika lini?"

Nauza vitabu, na sijawahi kukiona hicho kinachofuata.

Bibi wa Ileje alifariki masika yale. Yule mwalimu alinitumia ujumbe wa simu, kwa adabu, bila kutualika wala kutukataza. Nilikwenda Nanyala kumchukua baba. Nilimkuta ameshavaa koti, amekaa ukingoni mwa kitanda, mkongojo kati ya magoti, dada yangu amempigia viatu rangi. Nilimwambia gari linangoja barabarani. Alisimama, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akasimama hapo.

"Watanipa nafasi ya kusema," alisema. "Mimi ni mzee, na nimekuwa mtu wa nyumba ile. Lazima watanipa nafasi."

"Ndiyo, baba."

"Nitasema nini?"

Dada yangu alisema, "Utasema pole tu, baba. Inatosha." Lakini baba alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akivitafuta kwa vidole. Alilikunja vizuri, akaliweka kitandani, akaniambia nikamlipe dereva aondoke.